Mbwa Hafi Maji Akiona Ufuko

Somo la redioni kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Nalasi, Mkoa wa Ruvuma

Natumaini nyote mmekwisha kukaa, na kwamba mwandishi wa kikundi ana karatasi na kalamu, maana leo atakuwa na kazi. Wale wenye watoto wadogo wakae karibu na mlango, ili mtoto akilia mama atoke kidogo bila kuwapita wenzake.

Somo letu la leo ni juu ya shida, na jinsi mtu anavyoweza kuikabili shida bila ya kuvunjika moyo. Na mwalimu wetu leo ni mbwa. Naona wengine mnacheka. Najua pia kwamba wengi wenu ni Waislamu, na kwa mafundisho ya Shafii mate ya mbwa ni najisi. Jambo hilo halina ubishi, na hakuna anayewaambia mlale naye chumba kimoja. Lakini ninyi wenyewe mmefundishwa habari za mtu aliyemkuta mbwa mwenye kiu akamtekea maji kisimani, akasamehewa dhambi zake kwa sababu hiyo. Basi kumtazama mbwa na kujifunza kwake si haramu. Na mkulima wa Nalasi, ambaye usiku hukesha shambani akifukuza nguruwe na nyani mchana, anamjua mbwa kuliko mwalimu wa redio.

Wahenga wa pwani walisema: mbwa hafi maji akiona ufuko. Maana yake, mbwa aliyeanguka majini, maadamu anaiona nchi kavu, hupiga miguu mpaka afike. Ninyi mnaokaa upande wa Mto Ruvuma mmepata kuona jambo hili kwa macho. Wengi huisoma methali hii kama sifa ya nguvu za mbwa. Mimi naona uzito wake uko katika maneno mawili ya mwisho: akiona ufuko. Je, asipouona? Au je, akiwa ameuona mara nyingi, na kila mara akirudishwa na maji, ataendelea kupiga miguu?

Swali hili lilipata kuulizwa na wataalamu wa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Walikuwa vijana bado, wakisomea elimu ya nafsi, yaani elimu ya jinsi viumbe wanavyowaza na kutenda. Majina yao ni Martin Seligman na Steven Maier, na kazi yao ilitangazwa mwaka 1967. Sikilizeni vizuri walivyofanya.

Walichukua mbwa wakawagawa mafungu matatu. Mbwa wa fungu la kwanza walifungwa mikanda na kushtuliwa kwa umeme, umeme wa kuumiza lakini si wa kuua. Mbele ya mbwa kulikuwa na kibao. Akikisukuma kwa kichwa, umeme hukatika. Punde si punde mbwa hawa walijua la kufanya. Mbwa wa fungu la pili walipata umeme ule ule, kwa kipimo kile kile, lakini kwao kibao hakikufanya kitu. Wasukume, wabweke, walie, wanyamaze, yote ni sawa. Umeme ulikatika wenyewe, bila ya wao kufanya lolote. Fungu la tatu halikuguswa.

Baadaye kila mbwa alitiwa katika sanduku kubwa lenye vyumba viwili, na kati yake kizuizi kifupi kinachomfika mbwa begani. Taa ilipofifia, umeme ulikuja sakafuni. Mbwa akiruka kizuizi, amepona. Mbwa wa fungu la kwanza waliruka. Wale wasioguswa nao walihangaika kidogo, kisha wakaruka. Lakini wa fungu la pili, wengi wao walikimbia kimbia kwa muda mfupi, kisha wakalala chini wakalia kwa sauti ndogo, wakingoja umeme ukome wenyewe. Kizuizi kilikuwa kifupi na njia ilikuwa wazi. Hawakujaribu.

Tuseme wazi kwamba yalikuwa ni mateso kwa wanyama, na leo majaribio ya namna ile hayaruhusiwi kirahisi. Lakini yamekwisha kufanyika, na itakuwa dhara juu ya dhara tukiacha kujifunza lililomo. Angalieni: mbwa wa kwanza na mbwa wa pili walipata maumivu sawasawa. Basi kilichomlaza chini yule wa pili si maumivu. Kilichomlaza ni kule kuona kwamba afanye asifanye, hakuna tofauti.

Sasa tugeuke tutazame kwetu. Tuseme kuna mkulima aliyelima mpunga miaka mitatu. Mwaka wa kwanza mvua ilikatika. Mwaka wa pili ndovu walipita usiku mmoja wakamaliza. Mwaka wa tatu alivuna, bei ikaanguka. Mwaka wa nne ukimwambia, "Mzee, njoo tujifunze kufukuza ndovu," atakujibu, "Mwanangu, mimi ni mtu wa kupata hasara tu." Jirani zake watasema ni mvivu. Si mvivu hata kidogo. Amejifunza somo la fungu la pili, na amelijifunza vizuri mno. Vivyo hivyo mama aliyefukuzwa shule utotoni kwa kukosa karo, ambaye leo akiitwa darasa la kusoma husema kichwa chake ni kizito. Kichwa chake si kizito; mbona anakumbuka deni la kila mteja wa maandazi bila ya daftari?

Jambo la pili walilogundua linaleta moyo zaidi. Kati ya mwaka 1965 na 1969 walijaribu mbwa kiasi cha 150 kwa njia ile ya umeme usiozuilika. Theluthi mbili hivi walikata tamaa. Theluthi moja hawakukata tamaa. Waliruka kama kwamba hawakupata kuonewa. Na ilionekana kwamba mbwa aliyewahi hapo mwanzo kujifunza kuukata umeme mwenyewe, hata akija kuonewa baadaye, hapotezi moyo upesi. Kushinda jambo dogo mapema kulimkinga, kama chanjo inavyomkinga mtoto. Wazazi walijue hili. Mtoto anayeachiwa afunge mbuzi mwenyewe, akakosea, akafunga tena mpaka kamba ikashika, anapata kitu ambacho huwezi kumnunulia dukani.

Na wale waliolala chini, waliponaje? Wataalamu waliwaita kutoka upande wa pili. Hawakuja. Wakawatupia nyama. Hawakuja. Wakaondoa kizuizi kabisa. Bado hawakuja. Mwishowe wakawafunga kamba wakawavuta, miguu ikiburuzwa, mpaka upande usio na umeme. Mara moja haikutosha, wala mara tano. Wengine walivutwa makumi ya mara. Lakini kadiri walivyovutwa, kamba ilizidi kuwa nyepesi, mpaka siku mbwa akaruka peke yake. Na alipokwisha kuruka peke yake, hakurudi tena kulala chini.

Naomba vikundi vizingatie jambo hili, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Mtu aliyevunjika moyo humponyi kwa hotuba. Kumwambia "jipe moyo, fikiri mema" ni kama kumwita mbwa yule kwa jina lake na kumtupia nyama. Masikio yake yanasikia, miguu haina habari. Humponya kwa kumshika mkono na kumpitisha katika jambo moja dogo, mpaka aone kwa mwili wake kwamba amefanya na kitu kimebadilika. Mwaka 2016 Seligman na Maier, sasa wazee, waliandika tena baada ya uchunguzi mrefu wa ubongo, hasa ubongo wa panya. Walisema walikuwa wamelitazama jambo kinyume. Kulala chini wakati wa taabu ndefu si kitu kinachofundishwa. Ndiyo tabia ya asili ya kiumbe. Kinachofundishwa ni kule kujua kwamba naweza kufanya jambo. Kwa hiyo mtu aliyekata tamaa hana ugonjwa wa ajabu. Ni mtu ambaye somo fulani bado halijamfikia.

Vikundi vya redio nchini mwetu vilifanya jambo la namna hii mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kiasi cha milioni mbili walikaa kama mlivyokaa ninyi, wakasikiliza juu ya malaria, kuhara na kichocho, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka majani kuzunguka nyumba. Homa ambayo watu walikuwa wameizoea kama jua na mvua, ikaonekana kumbe ina mlango wa kuingilia, na mlango huo waweza kuzibwa kwa jembe.

Sasa basi, katika shida za Nalasi, umeme usiokatika ni upi, na kizuizi kifupi ni kipi? Tuchukue korosho. Bei ya mnada huiwezi. Inategemea wanunuzi wa nchi za mbali, na kwa kuikasirikia peke yako hupati hata senti moja. Lakini ubwiri unga unaweza kuuzuia kwa kupulizia salfa wakati mikorosho inapotoa maua, na kwa kusafisha chini ya miti. Kuokota mapema, kukausha juani mpaka korosho ilie ukiitikisa, kuchambua mbovu na nzima, hayo yote yamo mikononi mwako, na ndiyo yanayotenga daraja la kwanza na la pili ghalani. Na ndovu? Huwezi kumzuia ndovu asizaliwe. Lakini katika nchi mbalimbali za Afrika wakulima hupaka kamba oili chafu iliyochanganywa na pilipili wakazungusha shamba, na huko Kenya wametundika mizinga ya nyuki kwenye waya, maana ndovu, pamoja na ukubwa wote ule, humwogopa nyuki. Haifaulu kila usiku. Na kamba ya mtu mmoja haitoshi. Yataka mashamba jirani yashikane.

Juu ya kushikana, watazameni mbwa mwitu. Hao ni jamaa wa mbali wa mbwa wa nyumbani, na nchi yenu ni mojawapo ya nchi walizobaki kwa wingi, kutoka lililokuwa pori la Selous mpaka Niassa ng'ambo ya Ruvuma. Mbwa mwitu wakiua, huwaachia watoto wale kwanza. Waliobaki pangoni kulinda watoto huletewa nyama tumboni na kutapikiwa. Hata aliyeumia asiweze kukimbia, wenzake huweza kumlisha mpaka apone. Mbwa mwitu aliyevunjika mguu hana haja ya kuwa na moyo wa chuma, maadamu ana kundi.

Na mbwa wa nyumbani aliyekatwa mguu na mtego wa waya, mmepata kumwona? Baada ya majuma machache anatembea kwa mitatu, anacheza, anafukuza kuku. Hana haya mbele ya mbwa wenzake wala haulizi kwa nini yeye. Hapo ametuzidi. Lakini tusimsifu kupita kiasi. Mbwa huyo huyo kesho atapita njia ile ile yenye mtego, maana hana mkutano wa kijiji wa kuupeleka. Furaha yake ni njema, ila haina mpango. Binadamu anaweza kuwa na vyote viwili.

Jambo moja la hatari nisije nikalisahau, kwa kuwa tumemtaja mbwa muda wote huu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni kifo karibu kila mara. Watu husema imeandikwa. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi. Mtu akiumwa na mbwa, hata jeraha likiwa dogo, lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali apate chanjo, na arudi kwa sindano zote atakazopangiwa. Chanjo hiyo imekuwapo tangu Pasteur alipoitumia kwa mtoto huko Ufaransa mwaka 1885. Na mbwa wa kijiji wakichanjwa kiasi cha 70 katika kila 100, mwaka hata mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Anayesema "hakuna la kufanya" huku maji na sabuni vipo, mpelekeni mkono wake kwenye ndoo.

Sasa kazi ya kikundi. Mwandishi apige mstari katikati ya karatasi. Kila mmoja ataje shida moja ya nyumbani kwake, na kikundi kiamue iandikwe upande gani: ya umeme usiokatika, au ya kizuizi kifupi. Msikubaliane upesi, bishaneni, maana shida nyingi zina vipande vya pande zote mbili. Kisha mchague moja tu ya upande wa pili, iliyo ndogo kuliko zote, na muandike nani atakwenda na mwenye shida hiyo kuifanya, na siku gani. Msiandike "tutamshauri". Andikeni jina la mtu atakayekwenda naye. Juma lijalo, kabla ya somo, mwenyekiti atasoma karatasi hiyo kwa sauti.

Kwaherini.