Pua ya Tyrion: Tamthilia Inapomgeuza Mtu wa Kitabuni

Mwaka wa pili nilikaa chumba kimoja na jamaa ambaye hakuwa na habari kabisa na tamthilia. Yeye ni mtu wa vitabu. Usiku mmoja umeme umekatika, laptopu zote zimezima, tukaanza kubishana kuhusu Tyrion Lannister wa Game of Thrones. Mimi nikasema Tyrion ni mtu mwema aliyezaliwa kwenye familia mbaya. Yeye akasema hapana, ni mtu aliyeumizwa mpaka akaharibika, na ukifika kitabu cha tano hata kukaa naye meza moja utaogopa. Tulivutana karibu nusu saa. Mwishowe nikamwambia, "Wewe mwangalie tu usoni, yule si mtu katili." Akacheka. "Uso gani? Yule si hana pua!"

Nikaduwaa. Tyrion wangu mimi alikuwa na pua. Kumbe muda wote ule tulikuwa tunabishana kuhusu watu wawili.

Kwa ambao hawajapita huko (na kama unapanga kuangalia, ujue namwaga siri): Game of Thrones ilirushwa na HBO ya Marekani kuanzia 2011 hadi 2019, misimu 8, vipindi 73. Imetokana na riwaya za George R. R. Martin, mfululizo uitwao A Song of Ice and Fire, ambao kitabu chake cha kwanza kilitoka 1996. Tyrion ni mtoto wa Tywin, bwana tajiri na mwenye nguvu. Amezaliwa na kimo kifupi sana, mama yake alifariki akimzaa, na baba yake hajawahi kumsamehe kwa yote mawili.

Tuanze na hiyo pua. Katika kitabu cha pili, cha 1998, Tyrion anapigana kuulinda mji wa King's Landing, na upanga unampitia usoni. Anapona, lakini sehemu kubwa ya pua imekwenda. Kwenye tamthilia, mwaka 2012, upanga unapita usoni vilevile ila unaacha kovu tu. Na kipindi hicho aliyekiandika ni Martin mwenyewe! Ukifikiri kidogo, sababu unaiona. Kwenye karatasi, kukata pua ni sentensi moja. Kwenye kamera, ni kumkalisha mwigizaji Peter Dinklage kwenye kiti cha vipodozi kila siku ya kurekodi, au kuifuta pua kwa kompyuta kila anapoonekana, kwa misimu 6 iliyobaki. Halafu uso ndio jembe la mwigizaji. Ukiufunika, umemnyang'anya kazi.

Nilipomweleza mwenzangu hivyo, alinyamaza kidogo. Yeye mwenyewe ana kovu la moto shavuni tangu utotoni. Akasema, "Nakuelewa. Ila mimi nilimpenda kwa ile pua. Watu wanakwepa kumtazama, na yeye anaendelea kuongea." Sikuwa na la kujibu.

Badiliko la pili ni umri. Vitabu vinapoanza, Daenerys ana miaka 13, Robb Stark na Jon Snow wana 14. Riwaya hizi zina ndoa na mambo ya chumbani ambayo huwezi kumrekodia mtoto, kwa hiyo tamthilia iliwaongezea miaka wote na kuchukua waigizaji watu wazima. Inaonekana jambo dogo, lakini angalia lilivyomgeuza Robb. Kitabuni ni kijana mdogo mwenye taji, amejeruhiwa vitani, amesikia wadogo zake wameuawa. Usiku huo msichana anayemuuguza, Jeyne Westerling, anamfariji mpaka kitandani. Kesho yake Robb anamwoa ili asimvunjie heshima, ingawa alishaahidi kuoa kwingine. Kwenye tamthilia Jeyne hayupo. Yupo Talisa, mganga kutoka Volantis, na Robb anamwoa kwa sababu amempenda. Ahadi iliyovunjwa ni ileile, na vifo vinavyofuata ni vilevile. Lakini wa kitabuni anaangamia kwa kushika heshima kama baba yake, na wa kwenye skrini anaangamia kwa mapenzi. Ukiulizwa kwenye mtihani Robb alikosea nini, majibu ni mawili tofauti.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo linaturudisha kwa Tyrion. Martin huandika kila sura kutoka ndani ya kichwa cha mhusika mmoja. Unasikia anachowaza, anachoogopa, uongo anaojiambia mwenyewe. Tyrion ndiye mwenye sura nyingi kuliko wote katika vitabu vitano. Kamera haiingii kichwani mwa mtu. Inaona uso na kusikia maneno, basi. Kwa hiyo jambo ambalo mhusika analibeba kimyakimya ndilo la kwanza kuanguka njiani.

Jambo hilo kwa Tyrion ni Tysha. Akiwa kijana, yeye na kaka yake Jaime walimwokoa msichana barabarani, Tyrion akampenda na kumwoa. Baadaye akaambiwa kwamba yule alikuwa kahaba aliyelipwa na Jaime, na Tywin akawaachia askari wake wamfanyie ukatili mbele ya macho yake. Hadithi hii tamthilia inaisimulia msimu wa kwanza, halafu inaiacha. Kitabu kinaibeba. Katika kitabu cha tatu, cha 2000, Jaime anapomtorosha gerezani, anamkiri ukweli: Tysha hakuwa kahaba. Alikuwa binti wa kawaida aliyempenda kweli. Yaani miaka yote Tyrion ameishi akiamini hakuna awezaye kumpenda bila malipo, kumbe aliwahi kupendwa na akamwacha mkewe aharibiwe. Anamgeukia kaka yake kwa maneno ya chuki, kisha anapanda kwenda kumuua baba yake.

Kwenye tamthilia, mwaka 2014, ndugu hao wawili wanakumbatiana na kuagana. Baba anauawa vilevile. Hata Shae, mpenzi wake, anauawa vilevile, ila kwenye skrini anashika kisu kwanza na Tyrion anaomba msamaha baadaye. Ukitoa mazungumzo yale ya dakika chache, anayepanda meli ni mtu mwingine. Wangu alikuwa na huzuni, akawa mshauri mwenye busara wa Daenerys. Wa mwenzangu anavuka bahari amelewa, anauliza kila mahali mkewe alikwenda wapi, na maumivu yake anayamwagia wengine.

Je, tamthilia imekosea? Si kila mahali. Kwa kuwa haifungwi na kichwa cha mtu mmoja, iliweza kutukalisha chumbani na Mfalme Robert na mkewe Cersei wakizungumza kwa uchovu kuhusu ndoa yao, jambo ambalo kitabu cha kwanza hakiwezi kwa sababu hakuna sura ya yeyote kati yao. Iliwakutanisha Arya na Tywin huko Harrenhal, wakati kitabuni bwana anayemtumikia huko ni Roose Bolton. Na Dinklage, mwenye kimo kifupi yeye mwenyewe, alipata Emmy 4 kwa Tyrion. Kumwona mtu kama yeye akitajwa wa kwanza kwenye majina ya waigizaji si jambo dogo.

Ninachokuomba, ndugu msomaji, ni kimoja. Siku ukibishana kimbwetani kuhusu mhusika, au ukiandika insha juu yake, sema kwanza unamzungumzia wa wapi. Tazama kilichoondolewa, kisha uulize: kimeondolewa kwa sababu ya gharama, ya sheria, au kwa sababu kamera haikuweza kukiona? Nami nakiri, kuna sababu ya nne. Tulitaka Tyrion abaki mtu wa kupendeza, na anayetengeneza tamthilia anajua hilo.

Umeme uliporudi usiku ule, mwenzangu alinitupia kitabu cha tatu kitandani. Nilikisoma wiki mbili. Nilipofika kwa Tysha nilikifunga, nikatoka nje kupunga upepo. Niliporudi aliniuliza, "Bado ni mtu mwema?" Nikamwambia sijui. Akasema na yeye hajui, akazima taa.