Vidonge vya Kalsiamu Havimwokoi Mwanaanga

Kila inapotangazwa kwamba mifupa ya wanaanga hupungua, swali huja lilelile: kwa nini wasipewe vidonge vya kalsiamu? Wengine huongeza maziwa, wengine supu ya kongoro. Swali hili limechosha, kwa sababu linachukulia kwamba madaktari wa anga wamesahau jambo lililoandikwa kwenye kila kopo la maziwa ya unga. Mwanaanga hajapungukiwa kalsiamu. Anayo ya kutosha, ila inatoka kwenye mfupa na kuingia kwenye damu, na huko ndiko inakoleta madhara.

Mfupa hujengwa kwa kubebeshwa mzigo. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi juu yetu, mtu na chombo huanguka pamoja kuizunguka dunia, kwa hiyo miguu haibebi chochote. Seli zinazobomoa mfupa huongeza kasi, zinazojenga hazizifikii, na nyonga ikiachwa hivyo hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa madini yake kila mwezi. Kalsiamu iliyobomolewa humwagikia kwenye damu. Tezi za parathairoidi zinapoihisi hupunguza homoni yake. Figo nazo hutengeneza kidogo vitamini D iliyo tayari kutumika. Hatimaye utumbo hufyonza kalsiamu kidogo kuliko kawaida. Mwili wenyewe, basi, unaikataa ile ya kidonge. Kumwongezea mtu huyu kalsiamu ni kushusha saruji kwenye kiwanja ambacho mafundi wameshasimamishwa kazi. Itakayopenya itaishia kwenye mkojo ambao tayari umejaa kalsiamu, na hapo ndipo mawe ya figo huanzia. Wanaanga wa kituo cha anga cha Marekani cha Skylab, mwaka 1973 na 1974, walipimiwa chakula na mkojo wao kwa makini: walikula vizuri, na bado kalsiamu iliendelea kuwatoka. Jiwe la figo katikati ya safari ya Mirihi, miezi kadhaa mbali na chumba cha upasuaji, linaweza kuvunja safari nzima.

Mtu atauliza: mbona hapa duniani madaktari huandika kalsiamu? Huiandika kwa anayeikosa kwenye chakula, na huyo hutembea kwa miguu yake. Mwanaanga naye lazima apate kiasi chake cha kila siku, kwa kuwa upungufu ungezidisha hasara. Kinachobishaniwa ni ile ziada. Hata vitamini D anayopewa, yuniti 800 kwa siku, inaziba pengo la kukosa jua tu. Anayedhani kisa chote ni maajabu ya anga atazame majaribio ya Cologne na Toulouse, ambako watu wenye afya hulazwa kitandani kwa wiki nyingi, kichwa kikiwa kimeinama nyuzi 6. Hawajatoka duniani, wanalishwa kwa kipimo, na mifupa yao inapungua. Mgonjwa wetu aliyelala miezi kitandani yuko katika hali hiyohiyo, na supu peke yake haimtoshi.

Kinachosaidia kinajulikana. Mashine ya mazoezi ya ARED, iliyopelekwa kituoni mwaka 2008, hutumia silinda zenye ombwe kumpa mwanaanga mzigo wa hadi kilo 272. Akiitumia kwa bidii na kula vya kutosha, hupoteza mfupa kidogo sana. Dawa ya alendroneti, miligramu 70 kwa wiki pamoja na mazoezi, imelinda nyonga vizuri zaidi. Chumvi kwenye chakula ipunguzwe, kwani huongeza kalsiamu katika mkojo. Maji yanywewe kwa wingi. Sitrati ya potasiamu huzuia mawe. Altrasaundi ya kituoni huyaona. Kizuizi kilichobaki ni ukubwa: ARED haienei ndani ya Orion, chombo kilichoundwa kupeleka watu mwezini, hivyo humo kimewekwa kifaa cha gurudumu zito, chenye kilo 14 hivi, ambacho kadiri mtu anavyokivuta kwa nguvu ndivyo kinavyomkinza.