Boma la Kale lina somo kwa Dodoma

Katika Barabara ya Sokoine jijini Dar es Salaam, mkabala na bandari, limesimama Boma la Kale. Lilijengwa kati ya mwaka 1866 na 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sultani alifariki mwaka 1870, mji aliouazimia haujakamilika, boma likabaki.

Leo ndani yake mna kituo cha urithi wa usanifu majengo, kilichoanzishwa na Chama cha Wasanifu Majengo Tanzania pamoja na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin na washirika wengine. Humo mgeni huoneshwa jinsi Dar es Salaam ilivyojengwa tangu zama za Sultani, za Wajerumani na za Waingereza, hadi baada ya Uhuru.

Sisi wa Mkonze tunahusika vipi? Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na tarehe 26 Aprili 2018 mji wetu ukatangazwa kuwa Jiji. Viwanja vinapimwa, maghorofa yanainuka, na tembe za Wagogo zinatoweka. Tembe haikuwa ujinga. Paa lake bapa la miti na udongo lilifaa nchi yenye mvua ya takriban milimita 600 kwa mwaka, na udongo ule mzito ulizuia joto la mchana, joto lile lile linalotutoa nje ya nyumba zetu za bati adhuhuri.

Basi wazazi watakaosafiri kwenda Dar es Salaam na wawapeleke watoto Boma la Kale. Nyumbani, vijana wawaulize wazee tembe ilijengwaje, waandike.

Kamati za misikiti nazo zina wajibu wao. Msikiti mpya ni neema. Lakini kabla ya kuubomoa wa zamani, tuupige picha, tuupime, tuandike majina ya waliotoa ardhi na waliosomba mchanga. Nakala moja ibaki kwa kamati, nyingine iwekwe mahali pengine salama. Siku mpaka utakapogombewa, maandishi hayo yatausaidia wakfu wetu, kwani mashahidi wengi watakuwa wameshatangulia mbele ya haki.