Taji la Kalipso na Haki ya Mwanamke

Katika kisiwa cha Trinidad, bahari ya Karibi, wimbo wa kalipso haukuwa kamwe mchezo wa kupitisha wakati tu. Wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani waliutumia kuwasema magavana na matajiri, na hata leo mawaziri huimbwa kasoro zao mbele ya halaiki nao wamekaa wakisikiliza.

Lakini baraza hilo la wanyonge lilikuwa na wanyonge wake. Kwa miaka mingi waimbaji walikuwa karibu wote wanaume, na mwanamke aliimbwa kuwa mgomvi, mwenye tamaa, au mwuza mwili. Wimbo uliompatia Mighty Sparrow taji mwaka 1956 uliwacheka wanawake waliobaki bila wateja askari wa Kimarekani walipoanza kuondoka. Wakubwa waliowakaribisha askari hao hawakuguswa. Aliyechekwa ni maskini aliyekuwa akitafuta chakula.

Taji lenyewe liliitwa la Mfalme wa Kalipso. Mwaka 1978 alilitwaa Calypso Rose, binti wa kisiwa cha Tobago katika nchi hiyo hiyo, na kwa ajili yake jina likabadilishwa, likachaguliwa neno linalomfaa mume na mke sawasawa. Tusilidharau badiliko hilo, kwani cheo kikitajwa kwa jina la mume tu, mke hujiona mgeni hata akishinda.

Hata hivyo jina peke yake halikutosha. Mwanamke wa pili kulipata taji hilo, Singing Sandra, alilipata mwaka 1999, yaani baada ya miaka 21. Ndiye aliyeimba mwaka 1987 juu ya mwanamke anayetafuta kazi, akadaiwa mwili wake kwanza, naye akaona ni heri dhiki kuliko kuuza heshima yake.

Nayo asili ya mtu huzidisha mzigo. Wahindi waliletwa Trinidad kulima miwa kwa mkataba tangu mwaka 1845 mpaka 1917. Drupatee Ramgoonai, wa kizazi chao, alipopanda jukwaani katika miaka ya 1980 akichanganya ngoma za Kihindi na muziki wa Waafrika, baadhi ya watu wa jamii yake walimshutumu hadharani kuwa anawaaibisha mabinti wa Kihindi. Heshima ya kabila zima ilitwikwa mwanamke mmoja, kana kwamba wanaume hawana sehemu ya kuichukua.

Basi wakubwa wanaosimamia sanaa katika visiwa vyovyote wasiridhike kwa kubadili majina ya mashindano. Hawana budi kutazama ni nani wanaokaa katika meza ya waamuzi, ni nani wanaolipwa kutunga, na ni nani wanaozomewa kabla hawajafungua kinywa. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama mlango umefunguliwa kweli.