Utangulizi: Mkono na Ulimi Mbele ya Mgonjwa wa Kuigiza

Mwanafunzi wa ukunga akipangiwa Hospitali ya Magunga, Korogwe, au wodi ya wazazi Handeni, haitachukua muda atakutana na mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Saa hiyo hakuna nafasi ya kufungua daftari. Taaluma tunayoianza hapa, ya kupima ustadi kwa mgonjwa wa kuigiza, inataka apimwe mapema, mahali ambapo kosa lake halimuui mtu.

Mwaka 1963, daktari Howard Barrows wa California alianza kufundisha watu wazima wa afya kuigiza maradhi ya neva ili wanafunzi wawapime. Mwaka 1975, Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, wakaeleza mtihani wa vituo: mtahiniwa anazunguka, na kila kituo kina kazi yake, dakika zake na orodha ya mtahini.

Ukunga umepata kifaa kinachoyakutanisha hayo mawili. MamaNatalie, kilichobuniwa na Laerdal ya Norway, huvaliwa tumboni na anayeigiza mama. Anamtoa “mtoto”, anaifungulia “damu”, na kwa kuwa ni mtu, anauliza: “Nesi, mbona damu nyingi hivi?” Mtahiniwa achome oksitosini, asugue mji wa mimba, na ajibu. Kwangu mimi, swali hilo ndilo mtihani wenyewe. Wapo wenye mikono hodari wasiofungua mdomo, na wapo wanaoufungua kukemea tu. Lakini mara nyingi mazungumzo huwekewa alama mbili tatu mwishoni, kama kachumbari pembeni ya pilau. Mama wa kuigiza naye apewe kalamu atoe alama. Tena awe mwenyeji, ajuaye Kizigua au Kisambaa, na ajuaye kunyamaza wanavyonyamaza wagonjwa wetu wanapoogopa kumsumbua nesi.

Alama nzuri zisitulevye. Huko Haydom, Manyara, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa kozi ya siku moja ya kuwasaidia wachanga kupumua iliinua ustadi kwenye mwanasesere, ila kazi ya chumba cha kujifungulia haikubadilika. Baadaye yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo kazini, vifo vya wachanga katika saa 24 za kwanza vilipungua.

Karibu basi, mkufunzi. Kabla hujaagiza mwanasesere wa bei kubwa, mtafute mwanamke wa jirani atakayekubali kuigiza na kuuliza maswali yake mwenyewe.