Luboki: Kustawi na Kufifia kwa Picha za Bei Chee za Urusi

Tukitajiwa fasihi ya Kirusi, wengi wetu tunakimbilia Tolstoy, Chekhov, Gorky, na Gogol tunayemjua kwa Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Lakini mkulima wa Kirusi wa karne ya 19 hakuwa na vitabu hivyo nyumbani. Alichokuwa nacho ukutani ni luboki, na makala haya yanakusudia kueleza luboki ilikuwa nini, ilistawije na nani aliyeifikisha mwisho.

Luboki ni karatasi moja yenye picha na maneno machache. Ilianza katika karne ya 17 kwa kuchongwa kwenye ubao, ikahamia kwenye sahani za shaba, kisha kwenye lithografia. Rangi zilipakwa kwa mkono na wanawake na watoto wa vijiji vya karibu na Moscow, tena harakaharaka, hata wekundu wa shavu ukavuka mstari na kuingia kwenye kofia. Wachuuzi walioitwa ofeni walizitembeza vijijini na mizigo yao mgongoni.

Ndani yake kulikuwa na kila kitu: watakatifu, majemadari, walevi, wachekeshaji. Maarufu kuliko zote ni ile ya panya wanaomzika paka. Wahakiki wengi wamesema paka yule ni Tsari Peter wa Kwanza, aliyefariki 1725; wengine wanabisha kwamba picha ni ya zamani zaidi. Mimi naona mnunuzi alicheka tu, awe paka nani. Kwa mwanafunzi wa fasihi linganishi, utamu uko kwa mashujaa. Bova, kipenzi cha wanakijiji wa Urusi, asili yake ni Bevis wa Hampton wa masimulizi ya Uingereza, aliyepitia Italia na kwa Waslavi wa kusini. Naye Yeruslan nasaba yake ni Rustam wa Waajemi! Kwa hiyo kile kinachoitwa Urusi halisi kilikuwa mchanganyiko mtupu.

Sasa, kwa nini ilififia? Siafikiani na wanaosema eti watu walielimika wakaichoka. Kadiri watu walivyojifunza kusoma ndivyo ilivyozidi kununuliwa. Ivan Sytin alifungua kiwanda chake cha lithografia Moscow mwaka 1876, na vita vya Urusi na Uturuki vilipoanza 1877 akatoa ramani na picha za vita zilizomtajirisha.

Walioisumbua luboki ni waliojiona wanajua zaidi. Sheria ya 1839 iliiweka chini ya udhibiti. Karibu na 1850, mtawala wa Moscow, Zakrevsky, akaamuru sahani za zamani za shaba zikatwekatwe. Zikauzwa kama chuma chakavu. Hao ni watawala, tunawategemea. Lakini hata wapenda umma! Nekrasov alitamani siku ambayo mkulima atatoka sokoni na Belinsky na Gogol badala ya takataka hizo. Tolstoy na wenzake wakaanzisha Posrednik 1884, wakatumia mitambo ya Sytin na wachuuzi walewale kupeleka hadithi zenye maadili. Nia njema, sikatai. Ila ni ugomvi uleule wa kwetu wa fasihi dhati na fasihi pendwa, ambamo msomaji haulizwi.

Mwisho wakaja walioipenda. Kandinsky aliikusanya, Larionov akaionyesha Moscow mwaka 1913. Hawa waliipenda kwa kuwa ya ajabu: rangi zinavuka mstari, kichwa kikubwa kuliko farasi. Aliyeinunua hakuiona kioja. Kwake ilikuwa ndiyo picha.

Mwaka 1914 Malevich alichora luboki za vita na Mayakovsky akazitungia beti. Baada ya Mapinduzi ya 1917 mitambo ya Sytin ilitaifishwa, na kuanzia 1919 Mayakovsky huyohuyo akawa anatengeneza mabango ya shirika la habari la ROSTA, yaliyobandikwa kwenye madirisha ya maduka matupu. Ukiyatazama, luboki unaiona palepale: sura kubwa, rangi chache, maneno mafupi yenye vina. Ila hakuna aliyeyanunua. Serikali ndiyo iliyochagua na ndiyo iliyobandika, na yule ofeni, ambaye ilimbidi ajue kijiji kipi kinataka paka na kipi kinataka mtakatifu, hakuwa na kazi tena.