Shavu la Pili ni la Nani? Wakristo, Vita na Haki ya Mayahudi Kujihami

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 5, imo amri ya kutoshindana na mtu mwovu na kumgeuzia shavu la pili anayekupiga. Wakristo wamekhitilafiana juu ya amri hiyo tangu karne za mwanzo, na khitilafu yao ilipata mtihani mkubwa pale utawala wa Hitler ulipokuwa ukiwaua Mayahudi wa Ulaya. Swali ni hili: je, anayekataa vita kwa imani yake anaweza kumtaka mwingine akubali kuuawa?

Kwanza, Wakristo wenyewe. Tertullian wa Carthage, mwanzoni mwa karne ya 3 Miladia, alipinga Mkristo kuwa askari. Augustine, askofu aliyefariki mwaka 430, alijuzisha vita ya mtawala kwa sababu ya haki, lakini hakuridhia mtu binafsi kuua ili ajiokoe. Thomas Aquinas, aliyefariki mwaka 1274, alijuzisha kujihami kwa sharti nguvu isizidi haja. Kisha Wamennonite katika karne ya 16 na Waquaker katika karne ya 17 wakarejea kwenye kuikataa vita kabisa.

Pili, Mayahudi. Kitabu cha kwanza cha Wamakabayo kinasimulia watu waliouawa siku ya Sabato kwa kukataa kupigana, ndipo Matathia na wenzake wakaamua kujihami hata siku hiyo. Talmud nayo inaruhusu kumtangulia anayekuja kukuua. Hivyo Mayahudi wa geto la Warsaw walioinuka tarehe 19 Aprili 1943, wakiwa na silaha chache, hawakutoka nje ya sheria yao.

Tatu, Wakristo wa zama hizo. Mchungaji André Trocmé wa Le Chambon, Ufaransa, hakushika silaha, lakini aliwaficha Mayahudi kwa kuhatarisha maisha yake. Reinhold Niebuhr wa Marekani, aliyewahi kuwa mpinga vita, aliandika mwaka 1940 kuwa kutopigana mbele ya dhalimu kunamwachia dhalimu uwanja. Dietrich Bonhoeffer, aliyeelekea kupinga vita, alijiunga na njama dhidi ya Hitler, akanyongwa tarehe 9 Aprili 1945.

Hapa pana tofauti ambayo mafakihi wetu wanaijua katika mlango wa kumzuia mshambuliaji. Sayyidna Uthman (r.a.), mwaka 35 Hijria, aliwakataza watu wasimpiganie. Aliyoiachia ilikuwa haki yake mwenyewe. Trocmé naye alibeba gharama ya msimamo wake. Ama kumwamrisha anayeuawa asijihami, huko ni kugeuza shavu la jirani.

Haki hii ina mipaka. Mwenye kujihami huanza na njia nyepesi, na mshambuliaji akikoma, naye hukoma. Wala si ya taifa moja: anayeikubali kwa Myahudi wa Warsaw hawezi kumnyima Mpalestina, na haimhalalishii yeyote kumwaga damu ya asiye na hatia.

Wallahu a'lam.